Hei na sileji kwenye gemu yenye majira: maswali ya wachezaji wa Nyanda za Juu Kusini

Ukurasa huu ni wa wachezaji wa Farming Simulator 22, gemu ya kuendesha shamba, hasa wa Mbeya, Iringa, Njombe na majirani zetu. Maelezo yanahusu toleo la kompyuta na konsoli. Maswali mengi nimeulizwa ana kwa ana kwenye chumba cha gemu Mwanjelwa, mengine yametoka kwa mama yangu Tukuyu, ambaye hajawahi kushika konsoli ila alisimama nyuma ya kiti changu siku moja, akaniona nikifunga marobota, akataka kujua kila kitu. Nyumbani tunafuga ng'ombe watatu wa maziwa, kwa hiyo kila jibu la gemu nimelipitisha pia kwenye zizi letu. Anayetaka ya gemu peke yake aruke aya za nyumbani, ingawa namshauri asiruke.

Hei na sileji ni kitu gani hasa?

Zote mbili ni majani ya akiba. Hei ni majani yaliyokatwa, yakaanikwa na kugeuzwa mpaka maji yakaisha, kisha yakafungwa marobota. Sileji ni majani au mahindi mabichi yaliyoshindiliwa na kufungiwa pasipo hewa mpaka yakachachuka. Hei adui yake ni maji, sileji adui yake ni hewa. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yaliyobaki hapa utayajibu mwenyewe.

Kwa nini ng'ombe wangu wanaishiwa chakula ikifika Januari?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Angalia ramani tatu zinazokuja na gemu: Elmcreek ni ya mazingira ya Marekani, Haut-Beyleron ya Ufaransa, Erlengrat ya milima ya Alps. Zote ziko kaskazini mwa dunia. Huko Desemba, Januari na Februari ni baridi kali, theluji imefunika kila kitu na majani hayakui. Sasa mchukue kijana wa Mbozi au wa Kilolo. Tangu azaliwe, Januari kwake ni mvua, mahindi yanafika kiunoni, majani ya kando ya barabara yanaziba njia. Kichwani mwake Januari ni mwezi wa shibe. Anacheza Septemba na Oktoba bila haraka, anauza marobota yote ili anunue trekta kubwa, akiamini kwamba majani yapo tu. Halafu theluji inaanguka, anashika mashine ya kukatia, na hakuna cha kukata.

Dawa yake ni kubadilisha kalenda kichwani. Majira ya baridi ya gemu ni kiangazi chetu. Theluji ile isome kama vumbi la Septemba kwenye barabara ya Chunya. Desemba ya kule ni Julai yetu, Februari ya kule ni Oktoba yetu, wakati hata kwenye mabonde majani yamebaki vijiti. Wenzetu wa Makete na wa uwanda wa Kitulo wanalielewa hili haraka kuliko sisi, kwa sababu kwao alfajiri za Juni na Julai umande huganda na majani yakaungua kama yamepigwa moto.

Gemu inakuanzisha Agosti. Maana yake unapofungua shamba jipya una Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba, basi. Kabla hujanunua ng'ombe hata mmoja, kata majani. Nimeona wachezaji wengi wakianza na zizi, kisha ng'ombe, kisha ndipo wanakumbuka chakula. Geuza mpangilio huo: majani kwanza, zizi baadaye, ng'ombe mwisho.

Na nikiri kwamba gemu ndiyo iliyonifanya nione kosa letu la nyumbani. Tukuyu mvua zetu ni nyingi, karibu mwaka mzima, kwa hiyo watu wa Rungwe tunajiona tumesalimika. Lakini Septemba na Oktoba maziwa hupungua hata kwetu, na kila mwaka tulikuwa tunashangaa upya. Majani ya Machi tulikuwa tunayaacha yakomae na kulala chini.

Nipange vipi kazi ya kutengeneza hei?

Kazi ni nne: kukata, kugeuza, kukusanya kwenye mistari, kufunga. Kukata ni kwa moa. Kugeuza ni kwa teda, ile mashine yenye mikono mingi inayozunguka na kurusha majani juu. Kukusanya ni kwa reki ya trekta. Kufunga ni kwa bela, ya marobota ya duara au ya pembe nne.

Penye siri ni kwenye teda. Ndani ya gemu, majani yanakuwa hei pale pale teda inapopita juu yake. Rangi hubadilika kutoka kijani kwenda ukahawia mwepesi mbele ya macho yako. Ukiruka hatua hii utafunga marobota ya majani mabichi, na utajiuliza kwa nini farasi hawali. Kosa la kawaida zaidi ni kuacha mistari ya kijani kwenye kona na kando ya uzio, pale teda haikufika. Ukiikusanya pamoja na hei, bela itagoma katikati ya kazi, kwa kuwa ikishaanza kujaza hei haipokei majani mabichi. Mchezaji anadhani gemu imeganda, kumbe bela inafanya kazi yake. Kwa hiyo pita kingo za shamba mara mbili kwa teda, ndipo uende na reki.

Kama pesa haitoshi, usinunue mashine zote. Kodi. Teda na reki zinatumika siku chache tu kwa mwaka, hakuna sababu ya kuzifungia mtaji. Mfanyakazi wa kuajiriwa ndani ya gemu anaweza kukata na kugeuza wakati wewe unashughulika na bela.

Mvua inaharibu hei?

Kwenye Farming Simulator 22 bila modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji), marobota hayaozi hata ukiyaacha nje. Waliocheza Farming Simulator 19 wakiwa na modi ya Seasons, ile ya kundi la Realismus Modding, wanakumbuka hali tofauti: majani yaliyogeuzwa yalihitaji muda na hali ya hewa nzuri kukauka, na marobota ya nje yalioza. Binafsi ile modi naipenda bado, kwa sababu ilikufundisha kutazama utabiri wa hali ya hewa kabla ya kuwasha trekta.

Nyumbani mvua inaharibu, na inaharibu vibaya. Mwaka wa kwanza tulipojaribu hei, tulikata mwanzoni mwa Mei, tukaanika siku mbili, siku ya tatu wingu likatanda upande wa Mlima Rungwe. Kwa hofu tukafunga haraka majani ambayo vinundu vyake bado vilikuwa na unyevu. Yalionekana mazuri kabisa. Baada ya siku nne nikaingiza mkono katikati ya robota moja, nikautoa mbio: ndani palikuwa na joto kama uji uliotoka kupakuliwa. Tulipofungua, vumbi jeupe la ukungu likaruka usoni. Marobota kumi na moja tulitandaza kwenye bustani. Na hapo tulikuwa na bahati, maana hei iliyofungwa mbichi inaweza kupata joto hadi ikawaka moto na kuchoma ghala.

Jinsi ya kupima bila kifaa: chukua kishungi cha majani, kisokote kama kamba. Yakikatika kwa mlio na mkono ukabaki mkavu, funga. Yakipinda tu bila kukatika, rudisha juani. Kisha kwaruza kinundu cha shina kwa ukucha. Ukiona ubichi, subiri siku nyingine.

Sileji nifanye ya marobota au ya shimo?

Una ng'ombe wachache, fanya marobota. Unakata, unakusanya mistari bila kupitisha teda, unafunga, unaviringisha nailoni, umemaliza. Zipo bela zinazofunga na kuviringisha kwa pamoja, ila bei yake inauma, kwa hiyo mwanzoni kodi.

Sileji ya shimo, ile ya kati ya kuta mbili za zege, inataka vifaa vizito: gari la kukusanyia majani au mashine ya kuvunia na kukatakata, trekta zito la kushindilia, na trekta la kijiko kwa kutolea. Faida yake ni wingi. Ukiwa na ng'ombe hamsini, kuhamisha robota moja moja kutakuchosha mpaka uichukie gemu.

Kwenye shimo jambo la kuzingatia ni kushindilia. Mwaga tabaka, lisambaze, pita juu yake na trekta mbele na nyuma, ndipo umwage lingine. Watu wanamwaga trela sita kwenye rundo moja kisha wanahangaika kupanda mlima ule na trekta linalobingirika. Chagua trekta lenye uzito, ongeza na vizito vya mbele, na usifunike mpaka kioo kionyeshe asilimia 100. Ukishafunika, unaondoka.

Hii ndiyo sehemu ambayo gemu na zizi la nyumbani vinafanana kabisa. Sisi hatuna trekta. Tunashindilia kwa miguu, watoto wa jirani wakiruka ndani ya shimo, na pipa la maji linabingirishwa juu huku na huko. Tabaka moja halizidi kiganja kimoja kwa unene. Mama anakanyaga pembeni mwa ukuta mwenyewe, hamwachii mtu, anasema hewa hujificha kwenye kona. Ni kweli. Kila mwaka ukungu wetu huanzia kwenye kona.

Nimeviringisha robota lakini haliwi sileji. Tatizo nini?

Hakuna tatizo. Kwenye matoleo ya zamani robota liligeuka sileji mara tu linapoviringishwa. Toleo la 22 limeleta kuchachuka, linahitaji muda. Likaribie, utaona maendeleo yake. Lala, siku zipite.

Ile dawa ya sileji inayouzwa dukani ndani ya gemu ina maana?

Ina maana, inakuongezea kiasi cha sileji unachopata. Ukivuna eneo kubwa inalipa. Ukiwa na kishamba kimoja cha majani, iache.

Nyumbani kazi inayokaribiana na hiyo hufanywa na molasi, ingawa yenyewe haiongezi wingi. Inawapa bakteria sukari ili asidi itokee upesi. Mahindi mazima yenye magunzi hayahitaji, yana sukari yake. Matete yanahitaji. Molasi ichanganywe na maji ili iweze kunyunyizwa kwa kopo la kumwagilia bustani, maana ikibaki nzito itaangukia sehemu moja na nyingine zikose.

Mahindi nivune nafaka au nikate ya sileji?

Kwenye gemu mahindi hupandwa Aprili na Mei, huvunwa Oktoba na Novemba. Ukiyakatakata mazima kwa mashine ya sileji unapata ujazo mkubwa mno kuliko ukivuna punje. Ushauri wangu: shamba moja litengwe kwa ajili ya ng'ombe, usiliguse kwa nafaka hata bei ikipanda. Kumbuka pia kwamba mahindi yaliyokatwakatwa bado si sileji, ng'ombe hawatayala mpaka yachachuke shimoni.

Kwetu hesabu ni nyingine kwa sababu mahindi ni ugali. Baba aliposikia tunataka kukata mahindi yenye magunzi tukawape ng'ombe, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza watoto watakula nini. Sikuwa na jibu siku hiyo, na namheshimu kwa swali lile. Tulichokubaliana ni hiki. Sehemu ya shamba tunauza mahindi mabichi ya kuchoma na kuchemsha, mwezi Machi na Aprili. Gunzi likishatoka, bua bado ni la kijani. Zamani tulikuwa tunaliacha likauke, ng'ombe wakaja kuguguna Julai kitu kisicho na chochote ndani. Sasa tunakata siku ile ile gunzi lilipotoka na kulipeleka kwenye mashine ya kukatakata. Nguvu yake ni ndogo kuliko mahindi mazima, kwa sababu nguvu kubwa iko kwenye punje, lakini ni mbali sana na bua kavu.

Mwenye eneo la kutosha kupanda mahindi ya ng'ombe peke yake, akate punje zikiwa zimepita hatua ya maziwa na zimeanza kuwa kama unga wa kukanda. Mapema mno, maji ni mengi na sileji itavuja. Ukichelewa, mabua yanakuwa makavu na hayashindiliki.

Mchanganyiko kamili wa ng'ombe unatengenezwaje?

Hei, sileji, makapi ya nafaka (yale mabua makavu yanayobaki baada ya kuvuna) na chakula cha madini, vyote ndani ya gari la kuchanganyia. Kioo kinakuonyesha kila kimoja kiko wapi kwenye kiwango chake. Anza na hei na sileji, makapi yaje mwisho kidogo kidogo, maana ndiyo rahisi kuzidisha. Ng'ombe anayekula majani mabichi tu atakupa maziwa machache, wa hei atakupa zaidi, na mchanganyiko kamili ndio unaofikisha kilele. Makapi mengine tandaza zizini upate samadi.

Makapi ya kwenye gemu ni ya ngano, shayiri na oti. Huku kwetu yale yanayojaa ni ya mpunga, Mbarali, kwenye bonde la Usangu, ambako baada ya mavuno mengi huchomwa moto. Moshi ule nikiupita kwenye basi kuelekea Iringa nahesabu marobota. Makapi ya mpunga ni chakula hafifu yakiwa peke yake, lakini yakichanganywa na sileji, pumba na mashudu ya alizeti yanajaza tumbo na kumfanya ng'ombe acheue vizuri. Jiwe la chumvi liwepo kila wakati.

Nihifadhi marobota mangapi?

Kwenye gemu fungua ukurasa wa mifugo, tazama zizi linakula kiasi gani, zidisha kwa miezi ambayo hutakata, halafu ongeza robo. Hiyo robo ni ya mwezi wa Machi wakati majani yameanza kuchipua lakini bado hayajafaa kukatwa.

Kwa nyumbani nitakupa hesabu yetu. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu cha karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12 hivi maji yakiwa yameondolewa. Tuseme nusu unampa hei, kilo 6 kwa siku. Kiangazi cha siku 150 ni kilo 900. Robota la kasha la mbao (kasha lenyewe nimelieleza chini), likishindiliwa vizuri, lina kilo kama 20. Kwa hiyo ni marobota 45 kwa ng'ombe mmoja.

Ukitaka kumwongezea sileji kilo 15 kwa siku, kwa siku zile zile ni kilo 2,250. Sileji ya mahindi iliyoshindiliwa vizuri hufika kilo 500 kwa mita moja ya ujazo au zaidi kidogo, kwa hiyo shimo la urefu wa mita 3, upana mita moja na nusu na kina mita moja linamtosha. Watu wakisikia shimo wanafikiria kazi ya katapila. Ni shimo la siku mbili kwa vijana wawili na sururu.

Niweke siku ngapi kwa mwezi?

Gemu inaruhusu kuanzia siku 1 hadi 28. Siku moja ni kukimbizana, hutamaliza hata kukusanya. Mimi naweka 3.

Naweza kuzima majira kabisa?

Ndiyo, kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuzima ukuaji wa kufuata msimu, na theluji inazimwa pia. Ila majani ukiyakata wakati wowote, akiba haina kazi, na hei inakuwa pambo. Mchezaji mpya anaweza kuzima wiki ya kwanza akajifunze mashine, kisha awashe.

Hei au sileji, ipi inauzika zaidi?

Sileji ina soko kwenye mtambo wa gesi ya samadi. Hei iweke kwa ajili ya wanyama wako, kondoo na farasi wakiwemo. Kabla ya kuuza fungua ukurasa wa bei uangalie mchoro wa mwaka mzima, usiuze kwa kukurupuka.

Hatuna trekta wala bela. Haya mambo mama yangu anaweza kuyafanya kwa ng'ombe wawili?

Anaweza, na kama mnakaa mkoa wa Mbeya, Iringa au Njombe mna sababu zote za kujaribu. Nitaeleza ya kwetu jinsi ilivyo.

Kwanza muda. Hapa ndipo gemu isipokusaidia, kwa kuwa yenyewe inakausha majani kwa dakika. Sisi majani yetu yako kwenye ubora wake Februari na Machi, kabla hayajatoa maua, na hiyo ndiyo miezi ambayo mvua inanyesha kila mchana. Jua la uhakika linakuja mwishoni mwa Mei, majani yakiwa yameshakomaa na kuwa magumu. Ndiyo maana watu wengi wa huku wakijaribu hei wanakata tamaa: wakikata mapema inaoza, wakikata kwa kuchelewa wanafunga mabua. Sileji inaondoa mgongano huo. Februari hadi Aprili tengeneza sileji. Kisha yale majani yaliyokatwa Machi yatachipua tena, na machipukizi hayo ya Mei, yakiwa laini, ndiyo ya hei. Tukuyu kwenye mvua nyingi tunaegemea zaidi sileji. Ndugu zetu wa Isimani na upande wa chini wa Iringa, ambako jua halikosekani, hei kwao ni rahisi kuliko kwetu.

Kasha la hei ni la mbao, halina kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Unatandika kamba mbili chini kabla ya kujaza, unaweka majani, unakanyaga, unaongeza, unakanyaga, mpaka kasha limejaa na mguu hauzami tena. Unafunga kamba, unanyanyua kasha, robota linabaki chini. Mama na dada wanatoa marobota kwa zamu, mmoja anakanyaga, mwingine analeta majani kwa turubai. Wakichoka wanakaa juu ya marobota wakinywa chai.

Kwa sileji, asiyetaka shimo atumie mifuko minene ya nailoni. Katakata majani vipande vya sentimita 2 au 3, kwa mashine au hata kwa panga juu ya gogo ikiwa ng'ombe ni mmoja. Kamua kiganja kimoja: maji yakichuruzika, anika nusu siku kwanza, kikibaki kimeshikana kisha kikaachia taratibu, unyevu uko sawa. Jaza mfukoni kidogo kidogo, shindilia kwa ngumi na magoti, funga shingo ya mfuko kwa kukunja na kukaza kwa kamba ya mpira. Weka mahali pasipo na jua wala panya. Mwaka jana panya walitutoboa mifuko miwili, tundu dogo kama punje ya mahindi, na kuzunguka tundu lile sileji iliharibika kwa upana wa sahani. Tangu hapo mifuko yetu inakaa juu ya kichanja, na kila Jumamosi mama anaipapasa mmoja mmoja akiwa na utepe wa gundi mkononi.

Matete na gwatemala vinafaa hei?

Havifai. Mashina ni manene, nje yanakauka ndani yana maji. Hivyo ng'ombe wakatiwe vibichi, au viwe sileji. Kwa hei tafuta majani yenye mashina membamba, na Rhodes ndiyo yaliyozoeleka. Kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI kiko Uyole, na malisho ni sehemu ya kazi yao. Ulizia hapo kabla hujanunua mbegu za mtaani.

Nitajuaje sileji imeiva, na nianze vipi kuwapa?

Usifungue kabla ya siku 21. Sisi tunasubiri mwezi na nusu. Ikiwa nzuri ina rangi ya kijani iliyofifia kuelekea manjano na harufu kali kidogo, kama ya matunda yaliyochachuka au siki. Sehemu nyeusi, inayoteleza, yenye ukungu au harufu ya samadi iondoe, usimpe ng'ombe kwa kuihurumia.

Kwenye gemu ukifungua shimo unachukua unavyotaka na hakuna kinachopotea. Nyumbani fungua upande mmoja tu, kata wima kwa wembamba, chota cha siku hiyo, na urudishe nailoni ikae imebana. Siku za mwanzo mpe kidogo ukichanganya na majani aliyozoea, uongeze polepole ndani ya wiki moja. Na umpe baada ya kukamua, kwa maana harufu ya sileji huingia kwenye maziwa. Siku ya kwanza ng'ombe wetu mkubwa alinusa kihori, akarudi nyuma hatua mbili, akatutazama. Asubuhi iliyofuata kihori kilikuwa kimelambwa mpaka mbao zinang'aa.